Kumbukumbu ya ndoa ufukweni: tazameni maji kabla ya kalenda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wanandoa ambao kiangazi hiki wamepania kuadhimisha ndoa zao kwa siku mbili tatu kando ya bahari. Kazi yetu ni kupanga safari fupi za aina hiyo. Mwishoni tunalo ombi kwa gazeti lako, na halina gharama kubwa.

Kosa linaloharibu nyingi ya safari hizi hufanyika wiki kadhaa kabla ya kusafiri, watu wakiwa nyumbani na kalenda mkononi. Huanza na tarehe ya ndoa. Kama walioana tarehe 14, basi chumba kinatafutwa cha tarehe 14, kinalipiwa, na hapo hakuna tena la kujadili. Wanafika salama. Kesho yake saa tano asubuhi wanashuka ufukweni na taulo mabegani, na bahari haipo. Pana mchanga wenye madimbwi, nyasi za bahari zilizolala ubavu, mawe meusi, na maji yenyewe ni ukanda mwembamba unaong'aa kule mbali. Mhudumu anawapa pole, anasema yatarudi jioni. Jioni yanaporudi, wao wamekwisha kuoga na kuvaa, wanakwenda mezani. Asubuhi inayofuata, saa nne, ufunguo unatakiwa mapokezi.

Ushauri wetu ni kwamba maji yatangulie, tarehe ifuate. Kumbukumbu ya ndoa haipungui uzito kwa kusogezwa siku nne mbele au nyuma. Watu husogeza hata arusi yenyewe kwa sababu ukumbi haukupatikana, na hakuna aliyewahi kuiita batili kwa hilo.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50. Ndiyo kusema kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kama 12, na kila kukicha saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, huja bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana. Siku saba baada ya hapo ni maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo wengi wanayajua. Lisilozingatiwa ni kwamba katika pwani moja, bamvua hujaa karibu saa ile ile mwezi hadi mwezi. Ikiwa bamvua ya safari hii imejaa saa kumi jioni, ijayo nayo itajaa saa kumi au jirani yake. Na maji mafu ya pwani hiyo hiyo, kwa kuwa yamesogea dakika 50 mara saba, yatajaa karibu saa nne kasorobo usiku, na ule mjao mwingine utakuwa umepita asubuhi kwenye saa tatu na nusu. Ukishaijua saa ya bamvua ya mahali unapokwenda, unaweza kukisia mwezi mzima kwa vidole.

Sasa mtu achague. Saa nzuri za watu wawili kuingia majini ni za asubuhi, tangu saa moja mpaka saa nne, na za jioni, tangu saa kumi hadi magharibi. Katikati hapo jua ni kali mno. Ufukwe ulio tambarare huwa na maji ya kutosha kuogelea kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa mbili baada ya kujaa. Katika muda huo robo tatu ya maji bado ipo. Kwa hiyo tafuteni siku ambazo maji yatajaa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Tarehe yenu ikiangukia kwenye maji yanayojaa saa saba mchana, sogezeni siku nne mbele, nayo yatakuwa yamefika saa kumi na dakika 20. Siku nne tu.

Ufuko wenye mteremko mkali hausumbuliwi sana na kupwa, maji yapo muda wote, ila mawimbi huvunjika kwa kishindo pale pale mguuni, na asiye mwogeleaji hatakaa kwa amani. Na ziko bahari ambazo kujaa na kupwa kwake ni kwa kina kidogo mno, kama Mediterania na Baltiki. Huko ulizeni upepo badala ya mwezi.

Jedwali la maji, yaani orodha ya saa za kujaa na kupwa, lina mitego miwili. Wa kwanza ni saa. Huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na msomaji wetu akiona 08:20 kwa haraka husema saa nane na dakika 20, akaenda mchana akakuta maji yamekimbia. 08:20 ni saa mbili na dakika 20 asubuhi. Kabla ya kusafiri kaeni wawili mziandike zote upya kwa saa zetu, kwenye karatasi moja, pamoja na saa ya kuingia chumbani (14:00 ni saa nane mchana, 15:00 ni saa tisa) na saa ya kutoka. Kosa hili limewahi kuwakosesha watu boti na chakula cha jioni kwa siku moja. Mtego wa pili uko katika nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Baadhi ya majedwali hubaki kwenye saa ya kawaida, hivyo inabidi muongeze saa moja wenyewe. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali.

Neno la haraka juu ya kiangazi chenyewe. Bahari hupata joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo katika nchi zenye majira manne maji huwa ya uvuguvugu zaidi mwezi mmoja au miwili baada ya ile siku ndefu kuliko zote. Mwanzoni mwa kiangazi hewa ni moto na maji bado yanauma. Mwishoni maji ni mazuri, lakini kuna pwani ambazo huo ndio msimu wa dhoruba, na likizo za shule hujaza kila chumba. Mwenye ruhusa ya kazini achukue katikati ya wiki. Jumatatu hadi Alhamisi mara nyingi huwapa watu usiku wa tatu ambao bei ya wikendi ingewanyima.

Maana usiku mbili ni chache kuliko zinavyosikika. Mkiingia saa tisa alasiri na kutoka saa tano asubuhi keshokutwa yake, mmepewa saa 44. Toa usingizi saa 16, toa kufungua na kufunga mizigo, kuoga, kungoja chakula. Mnabaki na siku moja kamili na vipande viwili. Ndiyo sababu tunasema safari ya kwenda isizidi saa nne tangu kufunga mlango wa nyumbani hadi kufungua wa chumbani. Zaidi ya hapo, siku ya kwanza inaliwa na uchovu, na ya mwisho inaliwa na hofu ya kuchelewa.

Kuhusu chumba, maneno ya tangazo yasomwe kama mkataba. "Kuona bahari" kunaweza kuwa ni kuchungulia kwa shingo iliyopinda kutoka kona ya roshani. Ulizeni kama chumba kimeelekea bahari, na kati yake na maji kuna nini: bwawa, jukwaa la muziki, maegesho, ukuta. Ulizeni kitanda ni kimoja au ni viwili vilivyosogezwa pamoja, kwa sababu ule ufa wa katikati umewahi kuwatenganisha wanandoa wengi katika usiku ambao haukufaa. Ulizeni dirisha limeelekea upande gani; la magharibi linapokea jua lote la alasiri, na saa mbili za usiku kuta zake bado zinatoa joto. Ulizeni jenereta na jiko viko wapi. Halafu swali ambalo watu hulisahau: maji yakipwa, ni hatua ngapi kuyafikia, na chini ni mchanga au ni mawe? Mhudumu anayelijibu bila kusita anaifahamu bahari yake.

Malipo yasiyorejeshwa ni rahisi kidogo kuliko yanayorejeshwa. Kwa safari ya mapumziko tu yanaweza kufaa. Kwa safari ya tarehe maalumu hatuyapendi, kwani ndani ya miezi miwili mtoto anaweza kuugua na mwajiri akabadili zamu. Mkishalipa, pigeni simu siku mbili kabla ya kufika, mzungumze na mapokezi wenyewe, mhakikishe jina, idadi ya usiku na aina ya chumba. Hapo ndipo pa kutaja kumbukumbu ya ndoa, na mtaje mnachotaka. Ukisema tu "ni siku yetu", utapewa taulo zilizokunjwa kama bata. Ukisema "tunaomba tutoke saa saba badala ya saa nne, au tupewe ghorofa ya juu kama ipo wazi", umemwomba mtu kitu anachoweza kukitoa bila kumgharimu, na siku ya katikati ya wiki mara nyingi atakitoa.

Wapo wanaopenda kumshtukiza mwenzi wao kwa safari nzima. Hatulipendekezi hilo. Mwenzi ana ruhusa yake ya kuomba kazini, ana dawa zake, pengine ana siku zake za mwezi, pengine anaogopa maji na hajawahi kusema. Safari mpangeni wawili, kisha mmoja afiche kipande kimoja ndani yake: zawadi, meza, saa moja ya boti.

Meza ya chakula ufukweni ndiyo inayoombwa zaidi, na ndiyo inayoharibika zaidi. Wanandoa wengi wanaitaka siku ya mwezi mpevu, nao hawakukosea, kwani siku hiyo mwezi huchomoza karibu na jua linapozama. Ukiwa kwenye ufuko unaotazama mashariki, unauona ukitoka majini, mkubwa, mwekundu kama sahani ya shaba. Usiku unaofuata utachelewa takriban dakika 50. Kwenye ufuko wa magharibi mtaona jua likizama, lakini mwezi utawatokea nyuma, juu ya mapaa. Amueni mnataka kipi kabla ya kuchagua ufuko. Lakini mwezi mpevu ndio uleule unaoleta bamvua, na meza iliyowekwa mahali pazuri saa kumi na mbili inaweza kuwa na maji miguuni saa mbili. Tembeeni mchana mkatafute mstari wa mwani mkavu na vijiti unaokwenda sambamba na ufuko. Mara nyingi ni miwili: wa chini ni wa jana, wa juu ni wa bamvua iliyopita. Meza ikae juu ya ule wa juu, hatua kadhaa zaidi. Miguu ya meza izame kwenye mchanga mpaka itulie, au iwekewe vipande vya mbao chini; viti vyembamba vya chuma viepukwe kabisa, vinazama kila kimoja kwa pembe yake.

Upepo nao una ratiba. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi. Upepo huo huanza kabla ya adhuhuri, huwa mkali alasiri, na hulegea jua likizama. Kwa hiyo mwavuli wa saa tisa uwe umechimbiwa nusu mita na kuinamishwa kuelekea upepo unakotoka, la sivyo utaruka na ncha yake itamkuta mtu. Mshumaa wa saa moja jioni una nafuu, ila usiwekwe wazi. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina mchanga mkavu vidole vitatu, kita mshumaa mfupi katikati, utambi ubaki vidole vinne chini ya ukingo. Ukiwa karibu na ukingo, upepo unauzima. Ukiwa chini mno kwenye chupa nyembamba, unakosa hewa na kutoa moshi. Kaeni dakika 40 kabla ya jua kuzama, chakula kije baada ya giza kuingia. Picha nzuri ni za nusu saa ya mwisho ya jua na dakika 20 za mwanzo baada yake. Mkishazipiga, simu ziingie mfukoni. Na mje na tochi, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ya kuja.

Sasa pete, jambo ambalo kwa safari ya namna hii lingestahili kuwa la kwanza. Maji ya bahari yakiwa baridi kuliko mwili, vidole husinyaa. Mafuta ya jua huvifanya viteleze. Wimbi linakuja, mtu anakunjua mkono, na pete iliyokataa kutoka miaka kumi nyumbani inaondoka bila yeye kuhisi. Ivueni kabla ya kupaka mafuta. Isiwekwe ndani ya kiatu wala kufungwa kwenye pembe ya taulo, maana taulo hukung'utwa. Ibaki kwenye sefu ya chumbani, ndani ya kimfuko chenye zipu kilichofungwa pamoja na pasipoti, msije mkakisahau siku ya kuondoka. Bwawa la kuogelea halina usalama zaidi: klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, hasa dhahabu nyeupe, na hufubaza fedha. Lulu haitaki jasho, marashi wala mafuta ya jua.

Ikianguka majini, simama hapo hapo. Usipekue kwa miguu. Dhahabu ni nzito, na mchanga unaochezewa na maji huimeza chini zaidi kila unapoutikisa. Fanya wanavyofanya wavuvi: tafuta nchi kavu vitu viwili vilivyopangana, kimoja mbele ya kingine, mathalani mnazi na kona ya jengo nyuma yake; kisha upande mwingine tafuta viwili vingine. Pale mistari hiyo miwili inapokutana ndipo uliposimama. Mwenzako apige picha ya alama zote nne na aandike saa. Mrudi maji yakipwa, mkitafuta na mtu mwenye kifaa cha kutambua madini ikiwezekana. Bamvua hapa inawasaidia, maana inafunua ardhi ambayo maji mafu yangeificha.

Matembezi ya kupwa yana raha zake, na ndiyo yanayowatega wageni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Wavuvi na manahodha hugawa mjao wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua pwani ambako maji hupanda mita 3.6. Saa ya kwanza yamepanda sentimita 30, na mtembeaji hashtuki. Saa ya tatu na ya nne pekee yanapanda mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Tena hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati ya fungu la mchanga ulilosimama na ufuko. Ondokeni saa moja kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika geukeni, hata kama mnaona bado ni mbali. Vaeni viatu vya mpira vyenye soli. Wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu hukaa kwenye mashimo ya mawe, na mwiba wao hukatika ndani ya nyayo. Ukichomwa, toa kwa koleo ndogo vipande vinavyoonekana, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzako ayapime maji kwanza kwa mkono wake, maana mguu unaouma hautambui kuungua. Kipande kikiwa kimezama karibu na kiungo, daktari akitoe.

Majini, tazameni bendera. Nyekundu juu ya njano, ikiwa jozi pande mbili, inaonyesha eneo lenye waokoaji. Ogeleeni katikati yake. Nyekundu ni hatari. Nyekundu mbili, maji yamefungwa. Zambarau ni taarifa ya viumbe wanaodhuru, kama konyeza. Pasipo na bendera, simameni juu ya ufuko dakika kumi mtazame kabla ya kulowa. Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yakiwa na rangi nzito kuliko pembeni na povu likielekea nje, si mahali tulivu bali ni mkondo unaorudi baharini. Huwa na nguvu zaidi maji yanapokupwa. Mtu aliyevutwa asipigane nao kuelekea nchi kavu. Aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo aelekee nchi kavu. Akishindwa, aelee na kupunga mkono. Mwenzi aliyebaki juu asimrukie bila kitu cha kuelea, maana wengi waliozama kwa namna hii ni waliokwenda kumwokoa mwingine. Na glasi za kusherehekea zingoje mpaka kuogelea kwa siku kuishe.

Jua tutalipitia upesi. Mtu mzima anahitaji kama mililita 30 za mafuta ya kinga kwa mwili mzima, robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka, na kurudia kila saa mbili au akitoka majini. Watu wawili ni mililita 60 kwa mpako mmoja, kwa hiyo chupa ya mililita 100 haimalizi mpako wa pili. Hapo ndipo watu wanapoanza kupaka kwa kubania, na kinga ya 30 au 50 iliyoandikwa kwenye chupa haifanyi kazi iliyopimiwa. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ila haizuii yote. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, rudi chini ya mti. Anayetumia doksisaiklini, dawa ya bakteria inayotumika pia kukinga malaria, ajue inaongeza kuungua na jua. Maji ya ndimu nayo yakikaukia mkononi juani huacha malengelenge na baka jeusi la wiki kadhaa; kamueni ndimu ndani, mnawe. Mafuta ya jua hutangulia, ya mbu hufuata juu yake.

Wanaotaka kupiga mbizi kwa mitungi wafanye siku ya kwanza. Mtu anayerudi kwa ndege anapaswa kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, vinginevyo naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu na kumletea maumivu makali, hata kupooza. Safari ya usiku mbili ina nafasi moja tu ya kufanya jambo hili, na asubuhi ya kuondoka si nafasi hiyo. Kwa boti ya kawaida, hesabuni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda na mhesabu watu. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla, si mtu akishaanza kutapika.

Mizigo iwe mkoba mmoja kwa wote wawili. Nguo za kuogelea ziwe pea mbili kila mtu, kwani hewa ya chumvi haikaushi kitu usiku mmoja, na kuvaa nguo mbichi asubuhi kunaudhi. Mfuko usiopitisha maji kwa nguo zilizolowa. Simu yenye kinga ya maji ilipimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo isiogeleshwe, na isiachwe juani. Nyingi hutakiwa zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35.

Ombi letu, Ndugu Mhariri, ni hili. Gazeti lako huchapisha hali ya hewa kila siku: joto, mvua, upepo. Katika miezi ya kiangazi ongeza mistari miwili chini yake kwa kila pwani unayoitaja. Wa kwanza useme maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, na kwa mita ngapi. Wa pili useme mwezi una siku ngapi na utachomoza saa ngapi. Mathalani: "Kujaa saa 10:05 alfajiri na 10:30 jioni, mita 3.7, kupwa saa 4:15 asubuhi na 4:40 usiku, mita 0.3, mwezi siku ya 15, unachomoza saa 12:25 jioni." Toleo la Ijumaa libebe siku 14 zinazofuata, maana anayepanga safari hahitaji maji ya leo. Herufi ndogo zinatosha, bora saa ziwe za Kiswahili.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wapangaji wa safari fupi za pwani